Ukishauza kampuni, kesho utaamkia nini?

Jumanne ya soko Loitokitok, kabla ukungu haujaondoka kwenye Kilimanjaro, madalali wa Nairobi na Mombasa wanakuwa washafika. Nyanya za Kimana na vitunguu vya Rombo vinapakiwa, ng'ombe wanazungukwa na kukadiriwa bei, pesa zinaingia kwa simu. Jioni kuna mtu atakuwa ameuza kundi lake lote. Atakula nyama choma, ataita marafiki, atalala akiwa amechangamka. Lakini kesho yake saa kumi na moja alfajiri ataamka bila kuitwa, kama alivyozoea miaka yote, na ndipo atakumbuka hana ng'ombe wa kupeleka malishoni.

Asubuhi kama hiyo pia humpata kijana aliyeanzisha kampuni, akaijenga miaka mitano kwa madeni na kukosa usingizi, kisha kampuni kubwa ikaja ikainunua. Sherehe zake tunaziona mtandaoni. Picha ya watu wakipeana mikono, tarakimu kubwa kwa dola, pongezi mia tatu. Asubuhi yake hatuambiwi.

Ni muhimu tuiongelee, kwa sababu ukiingia mkahawa wowote wenye waifai Kitengela utapata meza ya vijana waliofungua laptopu. Wanazungumza lugha moja: ap, mtaji, wawekezaji. Na mwisho wa kila sentensi kuna neno "tukiuza". Tukiuza tutajenga. Tukiuza nitampeleka mathe hospitali nzuri. Tukiuza nitapumzika. Neno hilo limegeuka kuwa Kanani yetu, na hakuna anayeuliza Kanani kuna kazi gani.

Tuseme wazi kwamba hatupingi kuuza. Mwaka 2015 kampuni ndogo ya Weza Tele iliponunuliwa na AFB kwa dola milioni 1.7, vijana wengi wa Nairobi waliona kwa mara ya kwanza kwamba kumbe inawezekana. Miaka miwili kabla ya hapo, AccessKenya, kampuni ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 2000 na ndugu Jonathan na David Somen na kuingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2007, ilinunuliwa na Dimension Data kwa Sh14 kila hisa. Hizo ni habari njema. Mwekezaji akiona kuna mlango wa kutokea na faida, ndipo huweka pesa kwa wanaokuja nyuma. Tunachosema ni kwamba siku unapouza, kitu kilichokuwa kinakuamsha asubuhi hubadilika, upende usipende. Asiyejiandaa kwa hilo huumia hata akiwa na pesa.

Kilichokuwa kinakuamsha

Chukua mfano. Wewe ni kijana wa Loitokitok. Uliona baba akiuza kreti la nyanya kwa bei ya kutupa kwa sababu dalali ndiye pekee aliyejua bei ya Nairobi. Ukakasirika. Ukatengeneza ap ya kuwaunganisha wakulima wa Kimana na Illasit na wanunuzi wa Marikiti na Kongowea. Mwaka wa kwanza uliwalipa wafanyakazi wawili kabla ya kujilipa mwenyewe. Mkulima alikupigia saa nne usiku kuuliza pesa yake iko wapi, ukaamka ukaitafuta. Hakuna bosi aliyekulazimisha.

Ukichunguza, msukumo wako ulikuwa na sehemu nne. Kwanza hofu: usipofanya, kampuni inakufa. Pili hasira: ile bei ya baba. Tatu umiliki: hiki ni changu. Nne, kuhitajika: kuna watu wananitegemea. Pesa ilikuwepo, ndiyo, lakini ilikuwa mbali, na mtu haamki saa nne usiku kwa ajili ya pesa ya mwaka kesho kutwa.

Sasa mnunuzi anakuja na Sh60 milioni. Gazeti linaandika "kijana wa Loitokitok avuna milioni 60". Hebu tupige hesabu. Baada ya wawekezaji kuchukua sehemu yao, umebaki na asilimia 40 ya kampuni. Hiyo ni Sh24 milioni. Mkataba unasema nusu unalipwa sasa, nusu nyingine baada ya miaka mitatu ukibaki na kufikisha malengo. Mkononi ni Sh12 milioni. Ushuru wa faida ya mtaji, ambao serikali iliupandisha kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023, unachukua karibu Sh1.8 milioni. Unabaki na kama Sh10.2 milioni, kabla ya kumlipa wakili na kabla ya binamu zako kusoma gazeti.

Ni pesa nzuri, hakuna ubishi. Lakini tazama kilichotokea kwa zile sehemu nne. Hofu imeisha, kampuni haiwezi kufa tena kwa sababu yako. Umiliki umeisha. Hasira imepoa, maana sasa unakaa kwenye kikao cha Jumatatu ukieleza kwa nini unataka kubadilisha sehemu moja ya ap, na jibu litakuja baada ya wiki tatu. Halafu usiku mmoja yule mkulima wa Illasit anapiga simu. Unamwambia kwa upole apige namba ya huduma kwa wateja. Ukishakata simu, unakaa kimya kidogo. Siku hiyo ndiyo uliuza. Siku ya kutia sahihi ilikuwa karatasi tu.

Haya hayawapati waasisi peke yao. J. Daniel Kim, mtafiti wa Wharton katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alifuatilia wafanyakazi wa startapu za teknolojia Marekani zilizonunuliwa. Alipata kwamba asilimia 33 waliondoka ndani ya mwaka wa kwanza, ilhali miongoni mwa wale walioajiriwa kwa njia ya kawaida na kampuni hizo hizo kubwa, walioondoka ni asilimia 12. Sababu si ngumu kuelewa. Aliyeajiriwa kawaida aliichagua kampuni kubwa mwenyewe, na yule wa startapu alilala upande mmoja akaamkia upande mwingine.

Wanaobaki, wanaohepa, wanaoanza upya

Waasisi wakishauza, wengi huangukia mojawapo ya makundi manne.

Kuna wanaobaki wakihesabu siku. Mkataba unasema miaka mitatu, basi wana kalenda moyoni. Wamarekani wana mzaha kwamba mtu wa namna hii anapumzika huku hisa zake zikiiva kama ndizi. Anafika ofisini, anajibu barua pepe, lakini ule moto haupo. Tatizo ni kwamba miaka mitatu ya ujana ni mali pia, na hairudishwi.

Kuna wanaobaki na kugongana na mwenye nyumba mpya. Kevin Systrom na Mike Krieger waliiuza Instagram kwa Facebook mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, wakakaa ndani miaka sita, wakaondoka pamoja Septemba 2018. Kisa cha Brian Acton wa WhatsApp kinauma zaidi. Yeye na Jan Koum walijenga huduma isiyo na matangazo, wakaiuza kwa Facebook mwaka 2014 kwa dola bilioni 19. Kulipotokea mvutano kuhusu jinsi ya kutengeneza pesa kupitia WhatsApp, Acton aliondoka mwaka 2017 akiacha mezani hisa za takriban dola milioni 850 ambazo zingekuwa zake kama angevumilia kidogo. Baadaye alikiri kwa jarida la Forbes kwamba aliuza faragha ya watumiaji wake. Mwaka 2018 aliweka dola milioni 50 katika wakfu wa Signal, huduma ya ujumbe isiyo na matangazo. Ukimwangalia vizuri utaona kwamba msukumo wake wa mwanzo haukufa, ulikosa tu mahali pa kukaa.

Kuna wanaopotea. Markus Persson wa Sweden, aliyebuni mchezo wa Minecraft, aliuza kampuni yake ya Mojang kwa Microsoft mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5. Mwaka uliofuata aliandika Twitter kwamba yuko Ibiza akijivinjari na watu mashuhuri, anaweza kufanya chochote atakacho, na hajawahi kuhisi upweke kiasi hicho. Watu walimcheka. Sisi hatumcheki. Mtu aliyezoea kutengeneza kitu kila siku ukimwondolea kazi yake, hata ukimpa kisiwa, atatembea kwenye hicho kisiwa akitafuta chombo cha kufanyia kazi.

Na kuna wanaoanza upya. Hapa Kenya tuna Tesh Mbaabu na Mesongo Sibuti. Kampuni yao ya Cloud9xp ilinunuliwa na HotelOnline mwaka 2018, na hawakukaa wakijipepea. Mwaka huo huo walianzisha MarketForce, iliyotangaza kupata dola milioni 40 mwaka 2022 ili kuwahudumia wenye maduka mitaani. Biashara ikawa ngumu, na mwaka 2024 wakafunga RejaReja, huduma ya kuwapelekea wenye maduka bidhaa. Wengine wangehepa wakanyamaza. Wao wakaanzisha nyingine, Chpter, ya kusaidia wafanyabiashara kuuza kupitia mitandao ya kijamii. Unaweza kubishana na maamuzi yao ya biashara, lakini huwezi kusema walikuwa wanasubiri Kanani. Inaonekana kujenga kwenyewe ndiko kunakowaamsha.

Yuko pia Paul Kinuthia, ambaye kila mwenye saluni mwenye umri wa kutosha anazijua bidhaa zake za Nice & Lovely. Alianza mwaka 1995 na Sh3,000, akichanganya shampuu na kuzisambaza kwenye saluni. Mwaka 2013 kampuni ya L'Oréal ya Ufaransa ilinunua biashara ya urembo ya Interconsumer Products. Angalia maneno hayo: biashara ya urembo. Laini ya nepi za watoto alibaki nayo. Aliuza, akavuna, na kesho yake bado alikuwa na kiwanda cha kuamkia.

Kitengela ilishatufundisha

Kama unaona mambo haya ni ya watu wa mbali, sisi wa Kajiado tuna darasa letu, na tumelisoma kwa uchungu.

Mwaka 1988 ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Wanunuzi wakaja na briefkesi, na bei ilionekana ya ajabu kwa mtu ambaye utajiri wake siku zote ulikuwa na miguu minne. Ardhi ikakatwa ikawa ploti za futi 50 kwa 100. Hakuna asiyejua hadithi ya mzee aliyeuza ekari zake, akanunua gari, gari likazeeka, na leo mwanawe analinda geti kwenye ardhi iliyokuwa ya babu yake. Tunapoisimulia huwa tunasema pesa iliisha. Ni kweli, lakini kuna kitu kiliisha mapema kuliko pesa. Mzee alikuwa mtu wa kuamka, kuangalia mawingu, kuamua mifugo iende wapi, kutafutwa na majirani ampe huyu maji na yule njia. Alipouza aliacha kutafutwa. Gari halikuweza kumpa hilo.

Na si wote waliouza. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango Kitengela wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua wala kuuza, wanyamapori wapate kupita kutoka Mbuga ya Nairobi. Upande wa Kimana, jamii ilitenga hifadhi yake ya wanyamapori katikati ya miaka ya tisini na baadaye kuikodisha. Si pesa za kuandikwa gazetini. Lakini waliokodisha walibaki na hati, walibaki na ng'ombe, na walibaki na sauti kwenye mkutano.

Halafu fikiria hili. Ukitaka kuuza shamba Loitokitok, lazima bodi ya udhibiti wa ardhi itoe idhini, na kama ni ardhi ya familia, mke au mume lazima akubali. Sheria inajua kwamba mtu akionyeshwa pesa anaweza kusahau watu wake. Ukitaka kuuza kampuni yako, hakuna bodi itakayomwita mama yako wala mkulima wa Illasit kumuuliza anaonaje. Wakurugenzi na wenye hisa wakikubali, unatia sahihi hata kwa simu ukiwa ndani ya matatu ya Emali. Kwa hiyo hiyo bodi lazima uiunde mwenyewe.

Kabla ya kutia sahihi

Kwanza, andika leo, kampuni ikiwa bado ndogo, kwa nini ulianza. Sentensi mbili zinatosha. Mnunuzi akija, zitoe uzisome kwa sauti. Kama uliandika "nataka nyumba", uza, jenga nyumba, na usijilaumu. Hilo ni lengo halali na ulilifikia. Kama uliandika "nataka wakulima wasiibiwe bei", basi swali la kumuuliza mnunuzi si bei peke yake. Muulize nani ataamua kamisheni ya mkulima mwaka kesho, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo juu ya chakula cha mchana haina nguvu.

Pili, soma kifungu kinachokukataza kushindana. Kinaweza kukuzuia miaka kadhaa kufanya kazi ya aina ile ile. Wengi huuza wakijiambia wataanza nyingine, kumbe wamefunga mlango wa kitu pekee wanachokijua vizuri. Tafuta wakili wako mwenyewe, usitumie wa mnunuzi.

Tatu, jua unalipwa kwa nini. Ukipewa hisa za mnunuzi badala ya pesa, sasa hatima yako iko mikononi mwake. Wanunuzi nao huanguka. Lipa Later iliinunua Sky.Garden Desemba 2022, na kufikia Machi 2025 Lipa Later yenyewe ilikuwa chini ya msimamizi. Mkulima anasema usihesabu vifaranga kabla ya mayai kuanguliwa. Wewe usihesabu hisa ambazo huwezi kuziuza.

Nne, wafikirie wale wawili uliowaajiri mwanzo. Kama hawana hisa, siku ya sherehe yako itakuwa siku yao ya wasiwasi. Wape sehemu mapema, angalau ndogo. Ukibaki ndani ya kampuni mpya, kubaki na watu waliokuamini kutakupa sababu ya kwenda kazini kuliko bonasi.

Tano, panga miezi sita ya kwanza baada ya mkataba kuisha. Usinunue gari mwezi wa kwanza. Usiahidi chochote kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Tafuta kazi ya mikono: fundisha vijana wa chuo cha ufundi mara mbili kwa wiki, lima, rudi shule. Mwili uliozoea kukimbia ukisimamishwa ghafla huugua, na akili ni vivyo hivyo. Ukiona usingizi umepotea na kila kitu hakina ladha, ongea na mtu. Kuwa na pesa benki hakukunyimi haki ya kuhuzunika.

Kwa wale wanaoandika na kushangilia habari hizi, sisi wenyewe tukiwemo, tuna deni. Tumewafundisha vijana kwamba mtaji ni ushindi na kuuza ni taji. Mara chache tunarudi baada ya miaka mitatu kuuliza huduma ile ingali inafanya kazi, au mkulima bado anapata bei nzuri. Tukiendelea hivyo tutapata kizazi cha waasisi wanaojenga kampuni kama ploti za kuuza, na mtu anayejenga nyumba ya kuuza huwa haangalii sana kama paa linavuja.

Yule mfugaji wa Jumanne tumwachie neno la mwisho. Wazee wa huku watakuambia hakuna mfugaji mwenye akili anayefagia boma lote. Hata mwaka wa ukame, hata ada ya shule ikimkaba, huacha mtamba mmoja. Maziwa hatayaona leo, na madalali watamcheka kwamba angeongeza bei ya kundi. Lakini alfajiri akiamka, kuna kitu kinamngoja kwenye boma. Wewe unayesema "tukiuza" pale mkahawani, utaacha mtamba gani?